Mama Hakukataa: Chanjo ya Mtoto ni Ajenda Yetu

(Mada hii niliitoa mwanzoni mwa Oktoba 2024 kwenye semina ya vijana wa chama wanaojiandaa kugombea uenyekiti wa vijiji na vitongoji, bonde la Ziwa Rukwa. Wenzetu ambao hawakufika wameomba niiweke hapa. Nimepunguza marudio. Mengine nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni.)



Najua mmekuja hapa na mambo yenu. Mnataka kusikia habari za orodha ya wapiga kura, fomu, mawakala, nani ataenguliwa na kwa sababu gani. Mambo hayo yana wenyewe, watakuja baada ya chai. Mimi nimepewa nusu saa, na kwenye ratiba wameniandikia "Afya ya jamii". Ni pana mno hiyo. Nitazungumzia kitu kimoja tu: sindano na matone anayopaswa kupata mtoto tangu anazaliwa hadi anatimiza mwaka mmoja na nusu.

Mtaniuliza, hilo si la manesi? Subirini kidogo. Mtoto akizaliwa kitongojini, mtu wa kwanza wa serikali kujua siyo nesi wala mkuu wa wilaya. Ni mwenyekiti wa kitongoji. Yeye ndiye anayejua nani kajifungua, nani kahamia juzi na ng'ombe wake, nani kaenda kuishi mashambani na watoto hadi mavuno. Na Novemba 27 mnaomba kuwa ninyi huyo mtu. Kwa hiyo ni lenu.

Naanza na kosa langu. Nikianza na makosa ya serikali mtanipigia makofi na tutaishia hapo hapo.

(Kicheko)

Agosti 2021, chanjo ya Uviko ilikuwa ndiyo imeingia nchini. Mimi nilikuwa naendesha magrupu ya WhatsApp ya vijana, yalikuwa saba. Nikaletewa ujumbe wa sauti. Mwanaume anasema yeye ni daktari, yuko nje, anawaonya Waafrika: chanjo zote, siyo ya Uviko tu, hata za watoto, zimetengenezwa kutupunguza, kutuua kizazi. Dakika tatu hivi. Jina hakutaja, hospitali hakutaja.

Niliamini? Sikuamini. Nilikagua? Sikukagua. Niliutuma kwenye magrupu yote saba kwa sababu niliona utaikera serikali. Basi. Sababu ilikuwa hiyo tu. Na mmoja wa waliokuwemo kwenye grupu mojawapo ni dada yangu wa damu, anaishi huku huku bondeni.

Mwaka uliofuata dada akajifungua mtoto wa kiume. Wiki ya sita alimpeleka kliniki, wiki ya kumi akampeleka, ya kumi na nne akampeleka. Kadi imejaa vizuri. Mwezi wa tisa, wakati wa surua na rubela, akambeba tena. Ni mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu. Kufika zahanati akaambiwa: "Watoto mko wawili tu leo, hatuwezi kufungua chupa, rudi Alhamisi." Alhamisi akarudi. Akaambiwa friji imekata gesi, chanjo zimerudishwa makao makuu ya tarafa, aje mwezi ujao.

Mwezi ujao hakwenda. Mimi namwelewa, na ninyi mngemwelewa. Mtu ametembea saa tano kwenda na kurudi, mara mbili, na mtoto mgongoni na jembe likimsubiri. Amekaa nyumbani anajiuliza: hivi niende tena? Na ndani ya simu yake ipo sauti ya daktari anayesema chanjo ni mbaya, na aliyeituma ni mdogo wake aliyesoma. Ule ujumbe haukumzuia kwenda. Ulimpa ruhusa ya kutokwenda. Nimetumia muda mrefu kuielewa tofauti hiyo.

Mwanzoni mwa 2023, wengi mnakumbuka, surua ilikuwa imepiga Mpimbwe, kule Katavi, bonde hili hili letu, na ilizika watoto. Huku kwetu nako ikaonekana. Mpwa wangu akiwa na miezi kumi na minne akapata. Homa, macho mekundu, vipele, halafu kifua. Siku kumi na moja. Amepona, tunamshukuru Mungu. Lakini jicho la kushoto lina kovu jeupe, upande huo haoni. Surua hufanya hivyo, hasa kwa mtoto mwenye upungufu wa vitamini A.

Nilikwenda kumwona. Dada hakunilaumu. Alisema neno moja tu: "Mimi nilijua wewe ukituma kitu umeshakihakiki." Hapo ndipo nilipoanza kujifunza haya ninayowaambia leo.

Sasa tuingie kwenye hoja.

Hoja ya kwanza. Mtoto akikosa chanjo, watu wengi husema "wazazi hawana elimu, wanakataa". Mtalisikia hilo kwenye vikao, na ukiwa kiongozi litakushawishi, kwa sababu linaondoa lawama mezani. Wapo wanaokataa kweli, sikatai. Lakini dada yangu hakukataa. Alikwenda mara tano kwa hesabu ya kliniki zote. Mara tatu alihudumiwa, mara mbili akarudishwa. Kitu gani kilimrudisha? Tukitazame vizuri.

Chanjo ya surua na rubela inakuja kama unga kwenye kichupa, na maji yake pembeni. Chupa nyingi zinazotumika ni za dozi kumi. Ukishachanganya, una saa sita tu, inayobaki inamwagwa. Nesi akiwa na watoto wawili anaona atamwaga dozi nane, na mwisho wa mwezi ataulizwa ziko wapi. Kwa hiyo anamrudisha mama. Shirika la Afya Duniani linashauri chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Kwa nini? Kwa sababu dozi iliyomwagwa inaagizwa nyingine, lakini mama aliyerudishwa huna uhakika kama atakuja tena. Sasa nesi wetu anafanya kinyume, na siyo kwa roho mbaya. Anaogopa kuulizwa. Zahanati nyingi huku zina nesi mmoja au wawili, huyo huyo anazalisha, anapima malaria, anajaza vitabu. Tukimshambulia yeye mkutanoni tumekosea mtu.

Halafu friji. Chanjo hizi zinatakiwa zikae kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Kuanzia kiwandani, kwenye ndege, bohari, mkoani, wilayani, mpaka kwenye boksi la barafu analobeba mhudumu kwenye pikipiki. Mnyororo ukikatika sehemu moja, kazi yote ya nyuma imepotea. Kwa hiyo mtungi wa gesi ukiisha kwenye zahanati, au betri ya sola ikifa, tatizo siyo dogo. Kata nzima imekosa chanjo mpaka mtu atoe fedha ya mtungi.

Halafu umbali. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi ulianza 2007, ahadi ikiwa zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, ndani ya miaka kumi. Ninyi mnaotoka ng'ambo ya mbuga, nyoosheni mkono mliofikiwa. (Mikono michache.) Haya. Na kila mwaka wafugaji wanahamia, kitongoji kinazaliwa mahali ambapo kwenye ramani ya halmashauri ni pori. Masika njia inakufa. Watoto hao hawapo kwenye hesabu ya mtu yeyote, kwa hiyo hata dozi zao haziagizwi. Dawa yake inajulikana, inaitwa huduma ya mkoba: mhudumu anapanda pikipiki na boksi lake, anachanja chini ya mti. Lakini pikipiki inataka petroli na mhudumu anataka posho. Mkoba ukiahirishwa mara tatu mfululizo, hakuna gazeti litakaloandika.

Na kuna jambo jingine ambalo ni letu kabisa, la vijijini. Kuna vijiji vimeweka sheria ndogo: mama akijifungulia nyumbani anatozwa faini. Nia ilikuwa njema, kina mama waende wakajifungulie kwa wataalamu. Lakini fikiria mama uchungu umemkamata usiku, mvua inanyesha, kajifungulia kwa bibi. Faini hana. Atampeleka mtoto kliniki? Hampeleki, maana kliniki ndiko kwenye faini. Huyo mtoto anakosa chanjo ya kifua kikuu, anakosa matone ya polio, anakosa kila kitu, kwa sababu ya sheria tuliyoipitisha sisi kwa kunyoosha mikono. Ukichaguliwa, kaiangalie hiyo sheria kwenu.

Na la mwisho kwenye hoja hii: wengi tunaamini ya miezi tisa ndiyo ya mwisho. Siyo. Tangu 2014 kuna dozi ya pili ya surua na rubela, mwezi wa kumi na nane. Dozi ya kwanza ikitolewa miezi tisa, katika watoto mia takribani themanini na watano ndio wanapata kinga. Kumi na tano wanabaki wazi bila mama zao kujua. Dozi ya pili ndiyo inawakamata hao. Na surua haina mchezo, mgonjwa mmoja anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Ndiyo maana wataalamu wanataka watoto 95 katika kila 100 wawe na dozi mbili. Kijiji chenye watoto 200, kumi tu ndio wanaoweza kukosa. Wakikosa arobaini, ni suala la lini, siyo kama.

Hoja ya pili, na hii naomba tusikilizane vizuri. Kuna kishawishi kwenye siasa zetu cha kusema: kwa kuwa chanjo inaletwa na serikali, na serikali ni ya wale, basi na chanjo ni ya wale. Februari mwaka huu kampeni ya surua na rubela ilipopita, nilisikia vijana wetu wakiongea hivyo. Aprili ilipokuja ya wasichana wa miaka 9 hadi 14, ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, nikasikia tena, ati inaua uzazi. Jamani, saratani hiyo ndiyo inayoongoza kuua kina mama kwa saratani nchini kwetu. Tunawaambia nini mabinti zetu?

Mpango wa taifa wa chanjo ulianza 1975. Hata hiyo CCM haijazaliwa, ilikuwa TANU bara na ASP visiwani. Kama kila kilichoanzishwa wakati ule tukikatae, basi tuikatae na shule ya msingi.

(Kicheko, makofi)

Kwa miaka hamsini, utafiti uliotolewa mwaka huu na Shirika la Afya Duniani na wenzake unakadiria chanjo zimeokoa maisha ya watu milioni 154 duniani, milioni 101 kati yao wakiwa watoto wachanga. Hapa kwetu, ugonjwa wa polio wa virusi vya asili mara ya mwisho kuonekana ni 1996. Kijana wa umri wangu hajamwona mtoto akipooza miguu wiki moja. Mzee wangu hapa mbele amewaona. Si ndiyo, mzee? (Mzee: "Nimewazika.") Mmesikia.

Niwape mfano wa mbali kidogo, kwa sababu unatuhusu sisi wapinzani. Nigeria, jimbo la Kano, 2003. Jimbo hilo lilikuwa limechukuliwa na chama kilichokuwa cha upinzani kitaifa. Viongozi wa dini na wa siasa wakasema matone ya polio yana dawa ya kuua uzazi. Gavana akasitisha chanjo, karibu mwaka mzima. Tusiwaone wajinga. Walikuwa na kidonda cha kweli. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake kwa watoto wa Kano, watoto kumi na mmoja wakafa, na familia zikashtaki kwamba hazikuelezwa wala kuridhia. Kampuni ilikana kosa, lakini 2009 ikakubaliana na jimbo kulipa dola milioni 75. Kwa hiyo hofu ilikuwa na mizizi. Lakini angalieni kilichotokea. Polio ikatoka kaskazini mwa Nigeria ikaingia nchi takribani ishirini zilizokuwa zimeshaitokomeza, ikafika mpaka Indonesia. Serikali ya Abuja waliyotaka kuikomoa haikupooza. Waliopooza ni watoto, na wengi walikuwa watoto wa Kano hiyo hiyo. Afrika ilikuja kutangazwa huru dhidi ya polio ya asili Agosti 2020.

Huo ndio mfano wangu. Hasira inaweza kuwa ya haki kabisa, na bado ukaipeleka kwa mtu asiyehusika.

Na sisi hapa tuwe wakweli kuhusu nani alipanda mashaka. Mwaka 2020 serikali ilisimamisha kutoa takwimu za Uviko. Januari 2021 kiongozi wa nchi alisimama hadharani akasema chanjo za wazungu hazifai. Wakati huo sisi wapinzani ndio tuliokuwa tunapiga kelele: leteni chanjo, tangazeni takwimu. Miezi michache baadaye, Julai 28, 2021, Rais mpya akachanjwa mbele ya kamera. Serikali ikageuka. Na baadhi yetu, mimi nikiwa wa kwanza, tukageuka upande wa pili ili tusionekane tumekubaliana nayo. Tukayaokota maneno yale yale tuliyokuwa tunayapinga. Wananchi wamebaki katikati wanatuangalia wote. Serikali ina deni la kuwaambia watu ukweli tangu wakati ule, na hatutaacha kulidai. Lakini la kwangu nimelilipa leo mbele yenu.

Kuna swali litakuja kwenye mikutano yenu, kwa hiyo nawaandaa. Mwaka jana hapa hapa Rukwa alipatikana mtoto mwenye polio ya aina ya pili, ikafuata kampeni ya nyumba kwa nyumba mikoa sita. Mtu atasimama akwambie: "Mwenyekiti, polio ile si imetokana na chanjo yenyewe?" Usimdanganye. Mwambie hivi. Matone ya polio yana kirusi kilichodhoofishwa. Mtoto aliyepewa anakitoa kwenye kinyesi kwa muda. Mahali ambapo karibu watoto wote wamechanjwa, kirusi kinakosa pa kwenda, kinakufa. Mahali ambapo wengi hawajachanjwa na vyoo ni shida, kinazunguka mtoto hadi mtoto, miezi na miezi, mpaka kinabadilika na kupata nguvu ya kupooza. Kwa hiyo ndiyo, chanzo ni kirusi cha matone. Na kilichokipa nafasi ni watoto waliorukwa. Dawa yake ni kuwafikia hao waliorukwa. Ukimweleza mtu mzima ukweli wote anaelewa. Ukimficha nusu, hiyo nusu ataipata WhatsApp, imeshaongezwa chumvi.

Hoja ya tatu: fedha. Aprili 2001 viongozi wa Afrika walikaa Abuja wakaahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Sisi bado tuko mbali na hiyo asilimia. Chanjo nyingi mpya, ya nimonia, ya kuhara ya rota, ile ya mchanganyiko wa tano kwa moja, zimeingia nchini kwa msaada wa Gavi, mfuko wa kimataifa ulioanzishwa 2000. Serikali inachangia sehemu, na utaratibu ni kwamba nchi ikipanda kipato mchango wake unapanda, mpaka siku itajilipia yenyewe. Hilo ni jambo jema. Lakini lina maana kwamba maisha ya mtoto wa bondeni kwa sehemu yanategemea bajeti inayopitishwa na wabunge wa nchi ambayo hatupigi kura. Siku wakibadili mawazo, tutamlaumu nani? Hili ndilo la kuikalia kooni serikali. Tuidai kwa dozi zilizokosekana. Tusiipige kwa kuzitilia sumu dozi zilizopo.

Na tusidhani ni sisi peke yetu. Mwaka 2023, watoto milioni 14.5 duniani hawakupata hata dozi moja ya zile chanjo za mwanzo, na zaidi ya nusu yao wanaishi kwenye nchi zenye vita au zilizodhoofika. Wenzetu wa Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mlipuko wa surua uliofika kilele 2019 uliua watu zaidi ya 6,000, wengi wakiwa watoto wadogo. Boti zinavuka kila siku kati yetu na wao, na surua haiulizwi hati ya kusafiria.

Sasa ukichaguliwa ufanye nini? Sikupi ilani ya kurasa hamsini. Nakupa mambo manne yasiyohitaji bajeti ya mbunge.

Moja, daftari. Uwe na daftari la kila mtoto anayezaliwa kitongojini kwako, pamoja na waliohamia. Jina la mtoto, la mama, tarehe ya kuzaliwa. Kila mwezi kaa na nesi au mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mlinganishe daftari lako na rejista yake. Aliyepo kwako na hayupo kwake, huyo ndiye wa kutafutwa. Na usimwendee kama polisi.

Mbili, siku ya chupa. Kubalianeni na zahanati siku maalumu za chanjo ya surua, zijulikane, zitangazwe msikitini, kanisani na mnadani, ili watoto wawe wengi na chupa ifunguliwe. Lakini pia mwambie nesi mbele ya mkutano: mama aliyetoka mbali akija siku nyingine, mfungulie, na ukiulizwa kijiji kitakuwa shahidi wako. Nesi anahitaji kusikia hivyo.

Tatu, uliza fedha. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za mfuko wa pamoja wa afya zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Kituo kina kamati ya usimamizi yenye wananchi ndani yake. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Simama uulize, kwa adabu na kwa kumbukumbu iandikwe kwenye muhtasari: robo hii mikoba mingapi ilipangwa? Mingapi ilifanyika? Friji ilikaa siku ngapi bila kufanya kazi? Maswali matatu. Ukiyauliza kila robo, majibu yatabadilika. Hili unaweza kulifanya hata ukishindwa uchaguzi. Hata ukienguliwa. Mkutano mkuu ni wa kila mkazi mtu mzima, siyo wa mwenyekiti.

Nne, mdomo wako. Kabla hujatuma ujumbe wowote wa chanjo kwenye grupu, mpigie mtu mmoja anayejua. Nimeacha kusema "futa kabla ya kutuma", maana najua tunatuma kabla ya kusikiliza.

Namalizia na mtu mmoja. Anaitwa Ali Maow Maalin, wa Merca, Somalia. Alikuwa mpishi wa hospitali. Oktoba 1977 alipata ndui, na ndiye mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya asili. Fikiria, mfanyakazi wa hospitali, chanjo ipo hatua chache kutoka jikoni kwake, hakuchanjwa, kwa sababu aliogopa sindano itauma. Alipona. Miaka mingi baadaye akaingia kwenye kazi ya kampeni ya polio, akawa anazunguka kwa wazazi waliokuwa wanasita, anawaambia: mimi ndiye yule niliyeogopa, msifanye kama mimi. Alikufa 2013, kwa malaria, akiwa kwenye kazi hiyo hiyo.

Mimi si mtu wa kufananishwa naye. Lakini nimejifunza kwake kwamba aliyekosea anaweza kutumika, mradi aseme kosa lake kwa sauti ile ile aliyokosea nayo. Kwa hiyo niliurudia ule ujumbe kwenye magrupu yote saba, kwa sauti yangu, kwa jina langu, nikasema ulikuwa uongo na ni mimi niliyeutuma. Watatu walinitukana. Mama mmoja akaniuliza kliniki ni siku gani.



(Makofi)

Baada ya mada, mgombea mmoja kutoka ng'ambo ya mbuga aliuliza: "Kamanda, sasa nikisimama jukwaani nikahimiza chanjo, si nitakuwa nawafanyia wale kampeni?" Nilimjibu hivi, nanyi mnaosoma lichukueni: kitongojini kwako kuna mama anajua saa ngapi zahanati inafungwa na siku ngapi friji imekaa bila gesi. Ukimsimamia huyo mpaka mtoto wake apate dozi ya mwezi wa kumi na nane, hatauliza chanjo ilikuwa ya chama gani. Atakumbuka nani alikwenda naye.

Dada yangu naye alikuwepo ukumbini, amekaa nyuma kabisa na mwanawe. Mtoto ana miaka miwili na miezi tisa sasa. Dozi zake zote mbili za surua amezipata, wamechelewa lakini wamemaliza. Tulipotoka nje aliniomba nimshikie mtoto, akaenda kujaza maji ya safari.